Juliasi Kaizari na Uzio wa Hakimiliki

Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare ihusuyo kuuawa kwa Julius Caesar. Mfasiri alikuwa Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika nchi ya Wazanaki, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Tanganyika. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka upya baada ya kusahihishwa, ikiitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya vitabu hivi viwili: juu ya uzito wa msamiati wake, juu ya ushairi wake usio na vina, na juu ya siasa iliyomo katika uteuzi wa tamthilia zenyewe. Jambo moja halitajwi sana, labda kwa kuwa ni dogo machoni pa mhakiki wa fasihi. Mfasiri hakuhitaji kumwomba mtu yeyote ruhusa. Shakespeare hakuwa na mrithi wa kudai, wala mchapaji wa kuzuia, wala ofisi ya kupokea ada. Kazi yake ilikuwa mali ya kila ajuaye kusoma, awe London au Musoma.

Hali ya tafsiri yenyewe ni nyingine. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka huohuo, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na humhesabu mfasiri kuwa mtunzi wa tafsiri yake. Kwa hesabu hiyo Juliasi Kaizari iko chini ya ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2049. Na tuseme kikundi cha sanaa cha Musoma au cha Bunda kinataka kuiigiza tamthilia hii mbele ya watu na kutoza kiingilio. Kikiigiza kwa Kiingereza cha Shakespeare, hakihitaji ruhusa ya mtu. Kikiigiza kwa Kiswahili cha mwana wa Butiama, hakina budi kuomba. Lugha iliyotoka ng'ambo imeachwa wazi, na lugha ya nyumbani imetiwa kufuli. Hili si kosa la warithi wala la mchapaji. Ni matokeo ya sheria. Linalostahili kuulizwa ni kama sheria hiyo, ilipozaliwa, ilikusudiwa kufika hapa.

Asili yake yajulikana. Kabla ya mwaka 1710 haki ya kunakili vitabu nchini Uingereza haikuwa ya mtunzi. Ilikuwa ya chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, kilichoitwa Stationers' Company, ambacho kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557. Watawala walitaka kuyadhibiti yaandikwayo, na wachapaji walitaka kulidhibiti soko. Kila upande ukampatia mwenzake haja yake. Kitabu kikiisha kuandikishwa katika daftari la chama, kilikuwa cha mwanachama yule aliyekiandikisha, pasipo kikomo. Sheria ya udhibiti ilipokoma mwaka 1695 ukiritimba huo ulitikisika, na mwaka 1710 ndipo Bunge lilipotunga sheria ijulikanayo kwa jina la Malkia Anne. Kichwa chake chasema wazi kuwa ni sheria ya kuhimiza elimu. Kwa mara ya kwanza mtunzi alitambuliwa kuwa ndiye chanzo cha haki, lakini alipewa haki yenye muda: miaka 14, na mingine 14 ikiwa muda wa kwanza umekwisha naye bado yu hai. Vitabu vilivyokwisha kuchapwa vilipewa miaka 21, kisha vikawa vya watu wote.

Yamo katika sheria hiyo masharti mawili ambayo vizazi vya baadaye vimeyasahau. La kwanza, nakala tisa za kila kitabu zilitakiwa zipelekwe kwenye maktaba zilizotajwa, zikiwamo za vyuo vikuu vya Uingereza na Scotland. La pili, mtu yeyote aliyeona bei ya kitabu imezidi kiasi aliruhusiwa kulalamika mbele ya wakuu waliotajwa, mmojawapo akiwa Askofu Mkuu wa Canterbury, nao waliweza kuipunguza. Masharti hayo yaonyesha mizani ya mapatano. Mtunzi alilipwa kwa muda wa kuuza peke yake. Umma ulilipwa kwa nakala za maktaba, kwa bei ya haki, na hatimaye kwa kitabu chenyewe. Wauza vitabu wa London hawakuridhika, wakadai kwa miaka mingi kuwa haki yao ni ya milele kama milki ya shamba. Mwaka 1774 Baraza la Malodi, katika kesi ya Donaldson na Becket, liliikataa hoja hiyo. Kitabu kilichochapwa, kwa hukumu ile, hulindwa kwa muda uliowekwa na sheria na si zaidi.

Kuanzia hapo mizani ilianza kulemea upande mmoja. Mwaka 1814 miaka 14 ilifanywa 28, au maisha ya mtunzi ikiwa ni marefu zaidi. Mwaka 1842 ikafanywa 42. Mwaka 1911 Uingereza ikafuata kanuni ya Mkataba wa Berne: maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Ulaya na Marekani zimekwisha kuifanya 70. Ni vyema kukumbuka kuwa Marekani, ilipokuwa nchi changa yenye njaa ya vitabu, iliwalinda watunzi wake tu kwa sheria ya mwaka 1790, na wachapaji wake wakavichapa vitabu vya Waingereza bila malipo hadi mwaka 1891. Charles Dickens alizuru huko mwaka 1842 akilalamika, asisikilizwe. Afrika Mashariki haikupewa nafasi kama hiyo. Sheria ya mwaka 1911 ilisambazwa katika himaya ya Waingereza. Tanzania ilitunga yake mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, kisha ikatunga hii ya mwaka 1999. Miaka 50 iliyomo si hesabu iliyopigwa Dar es Salaam wala Dodoma kwa kupima mahitaji ya msomaji wa Bunda. Ni kima cha chini kilichowekwa na mkataba.

Wateteao muda mrefu husema kuwa uzio ukiwa mrefu, kazi nyingi zaidi zitatungwa. Juliasi Kaizari yenyewe ni ushahidi wa kinyume. Shakespeare hakuyabuni mambo ya Kaizari na Bruto. Aliyatoa katika kitabu cha Plutarch, Mgiriki, kwa njia ya tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyochapishwa mwaka 1579. North naye hakufasiri kutoka Kigiriki, bali kutoka Kifaransa cha Jacques Amyot. Kisa cha Mabepari wa Venisi nacho kilikuwa kimekwisha kusimuliwa kwa Kiitaliano kabla Shakespeare hajazaliwa. Basi neno lilitoka kwa Mgiriki likapokewa na Mfaransa, likatoka kwa Mfaransa likapokewa na Mwingereza, kutoka kwa mfasiri likafika kwa mtunzi wa tamthilia, na baada ya karne tatu na nusu likapokewa na Mzanaki aliyeanza kusoma Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Katika mlolongo huo wote, mpokeaji wa mwisho ndiye wa kwanza ambaye kazi yake imefungiwa mpokeaji atakayemfuata kwa nusu karne nzima tangu kufa kwake.

Uhuru aliokuwa nao Mwalimu haukuwa wa kuepuka gharama tu. Ulikuwa uhuru wa kuthubutu. Shakespeare aliita tamthilia yake kwa jina la mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Mfasiri akawafanya kuwa wengi, na badala ya wafanyabiashara akawaita mabepari. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na neno bepari halikuwa neno baridi. Kwa neno moja la jalada tamthilia ya Kizungu ikaingizwa katika mjadala wa Watanzania juu ya riba, mali na utu. Mhakiki aweza kuupinga uamuzi huo, akasema kuwa umemtia Shakespeare maneno ambayo hakuyasema. Pingamizi hilo ni halali katika uwanja wa uhakiki, ambamo hoja hujibiwa kwa hoja. Laiti kungalikuwa na mrithi mwenye haki ya kisheria, pingamizi hilo lingalikuwa amri, na kitabu kisingalitoka na jina lile. Utamaduni haukui kwa kupokea tu. Hukua kwa kukigeuza kilichopokewa, na kila kigeuzwacho kina mtu wa kukichukia.

Ushairi wa tafsiri hizo nao wafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Mfasiri aliuacha utaratibu wa vina, akafuata mwendo wa mistari isiyo na vina wa tamthilia za Kiingereza, jambo lililoyashangaza masikio yaliyozoea mashairi ya kwetu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alipotoa Kichomi, mgogoro wa mapokeo na usasa ukapamba moto. Lakini mwaka 1996 Nyerere yuleyule, aliyekuwa amekwisha kung'atuka, alitoa Enjili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, vitabu vilivyochapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Hapo alirudi kwenye vipande vinne vya mizani nane, na kina cha mwisho kirudicho ubeti baada ya ubeti. Umbo hilo ni la pwani. Lilitumika Pate mwaka 1728, Mwengo wa Athumani alipoandika habari za vita vya Herekali, na Mwana Kupona alilitumia mwaka 1858 kumuusia binti yake. Umbo lililokuzwa na Waislamu wa visiwani lilibeba Enjili ya Mkatoliki wa Mara, wala hakuna Mpate wala Mwamu aliyedai ada.

Hakudai kwa sababu bahari za ushairi hazikuwahi kuwa na mwenyewe. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, sheria alizokuwa akizinena zilikuwa za namna ya kutunga, si za namna ya kuzuia. Alizikusanya ili kijana wa Ujiji au wa Unguja ajue mlango ulipo. Tena mapokeo ya pwani yalikwenda mbali zaidi ya kushirikiana maumbo. Katika takhmisi mshairi huchukua beti za mwenziwe, mara nyingi wa kale, akazitungia mistari mitatu juu ya miwili ili ziwe tano tano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, anahusishwa na takhmisi ya shairi la Liyongo. Katika kujibizana, mshairi huazima vina vya mwenziwe, na hata maneno yake, ili amrudishie. Kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, zilikuwa uwanja wa mashindano hayo. Kwa sheria ya leo, takhmisi ya shairi la mtu aliye hai, au aliyekufa juzi, ni kazi itokanayo na kazi ya mwingine, na haitolewi ila kwa ruhusa.

Isidhaniwe kuwa wazee wetu hawakulinda kitu. Walilinda jina. Mtunzi wa utenzi hujitaja katika beti za mwisho, pengine akataja na nasaba yake na mji wake. Mnakili wa muswada naye huandika kuwa ni yeye aliyenakili, na siku aliyomaliza, akaomba dua ya msomaji. Kunakili hakukuwa wizi. Kulikuwa utumishi, na bila watumishi hao Al-Inkishafi isingalifika kwetu. Wizi ulikuwa kujitia utunzi wa mwingine. Sheria za kisasa nazo zinalo hilo katika sehemu ya haki za kimaadili, ambazo humpa mtunzi haki ya kutajwa na ya kutopotoshewa kazi yake. Lakini katika mabishano ya hakimiliki ya kila siku, inayosikika zaidi ni haki ya kiuchumi. Jina limekuwa mkia, na nakala imekuwa kichwa.

Hapa mtetezi wa sheria ana jibu zito, na haifai kulipuuza. Atasema kuwa ukarimu huo wa mapokeo ndio uliowaacha wasanii wa Kiafrika mikono mitupu pindi mitambo ilipofika. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Sauti yake ikauzwa pwani nzima. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa kipimo cha himaya zama hizo, iliiweka haki ya santuri mikononi mwa mwenye sahani ya asili ambamo nakala zilitolewa, kwa miaka 50 tangu kutengenezwa kwake. Mwimbaji hakuwamo katika hesabu hiyo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ndio ulioanza kuwapa waimbaji na wapigaji ala haki yao wenyewe, na neno hakishiriki lililomo katika jina la sheria ya mwaka 1999 latokana na fikra hiyo. Kwa hiyo si kweli kuwa sheria ni adui wa msanii. Mpiga zeze wa kijijini Butiama ambaye wimbo wake umerekodiwa na kuuzwa kwa simu na mtu asiyemjua anahitaji ulinzi huo kweli kweli, na anauhitaji akiwa hai.

Maneno hayo mawili, akiwa hai, ndiyo kiini cha shauri. Sheria ya mwaka 1710 ilitaka mtunzi apate riziki atunge tena. Miaka 50 baada ya mazishi haimpi mtunzi nguvu ya kutunga ubeti mmoja zaidi. Yaweza kuwafaa wanawe, na kuwafaa wana ni jambo la heshima. Lakini mtu aliyekufa kijana huacha ulinzi unaofika hadi kwa wajukuu na vitukuu, ambao pengine hawajulikani walipo. Hapo mchapaji mwenye nia njema hushindwa kuomba ruhusa kwa kuwa hajui amwombe nani, na kitabu hufa kikiwa na mlinzi mlangoni.

Mfano ulio karibu ni wa Aniceti Kitereza. Kutoka Bunda barabara yaelekea magharibi hadi Kisorya, na ng'ambo ya maji ndiko Ukerewe. Huko Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliotamani mtoto, na ndani yake akahifadhi kilimo, uvuvi, uganga, ugomvi wa wakwe na adabu za ulevi wa pombe. Aliimaliza mwaka 1945. Tangu siku alipoweka kalamu chini alikuwa na hakimiliki, kwa kuwa haki hiyo huzaliwa na kazi yenyewe bila kuandikishwa. Haki hiyo haikumpatia nakala hata moja. Hakupatikana mchapaji wa kitabu cha Kikerewe. Mzee akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa kitabu mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Wajerumani waliisoma kwa lugha yao kuanzia mwaka 1991, na mwaka 2002 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenziwe.

Kitereza hakuandika kwa kuvutwa na faida itokanayo na ukiritimba wa miaka hamsini. Aliandika kwa kuhofu kuwa mila zitapotea na lugha ifuate. Alichokosa kwa miaka 35 hakikuwa uzio wa kuwazuia wezi, kwani mwizi wa muswada wa Kikerewe hakuwapo. Alikosa mtambo, karatasi, na mtu wa kuamini kuwa kitabu kile kina wasomaji. Haki ya kunakili humfaa mwenye uwezo wa kunakili. Kwa asiye nao ni hati ya shamba lililoko chini ya ziwa. Basi mtu akisema kuwa ugonjwa wa fasihi ya Kanda ya Ziwa, au ya visiwa vyetu, utaponywa kwa kuongeza ukali wa hakimiliki, kisa cha Kitereza chatosha kumjibu.

Kuna sehemu nyingine ya sheria inayoigusa Mara kuliko vitabu. Mkoa huo una lugha nyingi katika eneo dogo: Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu, Kikurya, Kingoreme na nyinginezo, kila moja na ngano zake, mafumbo yake na nyimbo zake. Litungu la Wakurya lenye nyuzi nane halina mtu aliyelibuni anayejulikana, wala nyimbo za jando hazina mtunzi wa kuandikisha. Sheria iliyojengwa juu ya mtunzi mmoja mwenye jina na tarehe ya kufa haijui la kufanya na mali ya namna hii. Kwa kufuata kanuni za mfano zilizotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982, sheria ya mwaka 1999 iliziwekea sanaa za jadi sehemu yake: azitumiaye kwa faida nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata ruhusa ya mamlaka. Nia yake ni njema. Lakini ufunguo umewekwa katika mamlaka ya taifa, mbali na wazee waziimbao nyimbo hizo, na ulinzi hauna kikomo cha muda. Kijana wa Bunda atakaye kuuza muziki wenye mdundo wa nyanya yake aweza kujikuta mwombaji mbele ya mlango wa ofisi, kama mgeni aliyeshuka jana. Lililo bora katika kanuni hizo ni sharti la kutaja chimbuko, yaani kusema wimbo umetoka kwa jamii gani na mahali gani. Hilo ndilo lililo karibu na desturi yetu ya kulilinda jina.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa haya ni ya Bara peke yake. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA, kama Bara ilivyo na COSOTA. Shairi la Unguja likivuka mlango wa bahari laingia chini ya sheria nyingine, na wimbo wa Musoma uimbwao Forodhani nao vivyo hivyo. Sheria mbili, lugha moja, na wasomaji walewale. Ingekuwa faraja kama vyombo hivyo viwili, pamoja na kukusanya mirabaha, vingepewa jukumu la kutangaza kila mwaka ni kazi zipi ambazo ulinzi wake umekwisha, ili watu wajue kilicho chao.

Kwani vipo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya miaka 50, ulinzi wa maandishi aliyoyachapisha mwenyewe ulikoma mwisho wa mwaka 2012. Amri Abedi alifariki mwaka 1964, na hesabu yake ilikamilika mwisho wa mwaka 2014. Mathias Mnyampala, aliyezisukuma mbele ngonjera, alifariki mwaka 1969, na hesabu yake ilikamilika mwisho wa mwaka 2019. Watu watatu walioushika usukani wa ushairi wa Kiswahili katika karne ya ishirini sasa wako pale alipokuwa Shakespeare mwaka 1963. Yeyote aweza kuwachapa, kuwafasiri kwa Kijita, kuwatungia takhmisi, kuwaimba kwa taarabu au kuwaweka jukwaani, mradi awataje kwa majina yao na asichukue maelezo wala utangulizi ulioongezwa na wahariri wa baadaye. Mchapaji mdogo wa Musoma asiye na mtaji wa kununua haki aweza kuanza nao. Ikiwa mlango huo uko wazi na hakuna aingiaye, basi lawama yote haiwezi kubebeshwa sheria.

Kwa vitabu ambavyo bado vimo ndani ya uzio, warithi na wachapaji wanayo njia ambayo sheria haiwakatazi. Mwenye haki anaweza kutoa ruhusa ya jumla kabla ya muda kwisha: kwa shule, kwa vikundi vya sanaa vya wilayani, kwa maktaba, au kwa kila mtu. Ruhusa ya kuiigiza Juliasi Kaizari katika mkoa alikozaliwa mfasiri wake isingempunguzia yeyote shilingi ya maana, nayo ingeyarudisha mapatano ya mwaka 1710 kwenye mizani yake. Mwalimu alipoichukua kazi ya Mwingereza alitaka kuonyesha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba mawazo mazito. Aliyaonyesha hayo, na deni la hoja hiyo hulipwa kwa watu kuyasikia maneno yenyewe yakitamkwa.

Pasipo ruhusa ya namna hiyo, mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka aliofariki Mwalimu atakuwa amefikisha miaka hamsini siku kazi hiyo itakapokuwa huru. Katika muda wote huo, akitaka kutoza kiingilio ili watu waje kumsikia Bruto akijitetea, ataweza kufanya hivyo bila kumwomba mtu kwa lugha ya Stratford, lakini si kwa ile ambayo jirani yake aliihangaikia.